Doti Moja

Schola alianza kuitika bila kuitwa mwezi ule tulipomwandikisha kwa ubatizo. Ana miaka minne. Tulichelewa kwa sababu baba yake alitaka ufanyike Moshi, na kila Desemba kulitokea jambo. Siku ya kwanza nilikuwa mbele ya duka napanga sufuria, yeye akiwa stoo nyuma. Mara nikasikia, "Abee!"

"Nani kakuita?"

"Mwenzangu. Ananiita Sitara."

Mfuniko ukaniponyoka. Jina hilo hatujawahi kulitamka mbele yake. Liko kwenye msalaba mdogo, makaburini Kinondoni.

Schola na mwenzake walizaliwa mapacha, kabla ya wakati. Mimi nilikuwa sijazinduka baada ya upasuaji, na aliyekaa nao ni Badria, jirani yangu mwenye duka la kanga hapa mtaa wa Narung'ombe. Mtoto mmoja akaanza kubadilika rangi. Nesi, huku akihangaika na mashine, akamwambia Badria ammwagie maji kichwani, ampe jina, aseme: nakubatiza kwa jina la Baba, na la Mwana, na la Roho Mtakatifu.

"Mimi Mwislamu, dada."

"Mungu anajua. Fanya haraka."

Akampa jina la marehemu mama yake, Sitara. Kulipokucha mmoja akawa amekufa. Tangu siku hiyo nimeshikilia neno moja tu: mwanangu aliondoka na maji kichwani. Ana alama. Ni wa Mungu.

Nikavuka hadi kwa Badria. "Uliyemmwagia maji ndiye aliyekufa?"

"Hata salamu hakuna, Mama Schola?"

"Badria."

Akaiweka chini kanga aliyokuwa anaikunja. "Walinitoa nje. Niliporudi walikuwa wamehamishwa vitanda, wote wameviringishwa kanga niliyoleta mimi. Doti moja. Kipande huyu, kipande yule. Wakasema aliyekufa ni yule dhaifu, nikaitikia. Ulitaka niseme nini?"

Basi. Kama Schola ndiye Sitara, yule wa Kinondoni hana maji, na anamwita mwenye nayo.

Padri Polycarp alinisikiliza hadi mwisho. Akasema ubatizo haurudiwi, kwa hiyo atatamka hivi: "Kama hujabatizwa, nakubatiza."

"Kama? Padri, mimi nauza vyombo. Mteja akiuliza sufuria inavuja, simjibu kwa kama."

"Na yule mwingine, mama, Mungu hafungwi na maji."

"Hayo anayajua Mungu. Mimi niliyemzaa nataka kujua."

Akafungua daftari lake, akaandika Jumapili.

Siku moja kabla ya ubatizo nikaingia stoo peke yangu. Nikasema, "Sitara ni wewe. Maji ni yako. Huyu ni Scholastika, usimwite tena kwa jina lako." Nilitumia sauti ile ile ya kuamua watoto wanaogombea kikombe.

Jumapili padri alisema ile "kama" yake. Schola akapiga chafya maji yalipomfika puani. Badria, kwenye benchi la nyuma na baibui lake, alilia kuliko ndugu zangu wote.

Kuitika kukakoma.

"Mwenzako je?" nilimuuliza Schola.

"Kimya."

Nilipaswa kushukuru. Lakini mtoto akinyamaza chumba cha pili, mama haketi. Huenda amelala. Huenda amesusa. Huenda ametoka na hukumwona. Nilipanga bidhaa, nilipokea wateja, na muda wote sikio langu liko stoo.

Jana mchana nilishindwa. Nikaingia, nikafunga mlango, nikaita kama mtu anavyomwita mwanawe aliye karibu.

"Sitara!"

Kutoka nyuma ya masufuria makubwa ya shughuli, ikaja sauti: "Abee, mama."

Nikafungua mlango haraka. Ng'ambo ya barabara, kibarazani kwa Badria, Schola alikuwa amekaa, mdomo umejaa kalimati.