Masikio Afungwa Macho

Mama yao alipofariki, Masikio ndiye aliyesafisha chumba chake. Jina hilo alipachikwa na wenzake wa benki, maana hakuna muziki ambao hakuutia kasoro. Kaseti ambazo mama alijirekodi akiimba huku anapiga pasi, alizitia kwenye mfuko wa taka. Dada yake mkubwa, msusi, alifika na sanduku la kuzibebea, akakuta gari la taka limeshapita.

"Zilikuwa zinakwaruza tu, dada," Masikio alisema. "Ile si sauti, ni kelele. Masikio yangu hayawezi."

Dada alirudi saluni na sanduku tupu. Hakumlilia mtu. Alingoja.

Baadaye Masikio akanunua mashine ya kuchezea muziki wa mtandaoni, ya bei ya kutisha, na waya wake mnene kama kidole gumba. Jumapili mchana akaita wenzake waje waisikie. Dada naye akaja, mchangamfu kupita kiasi, akasifia hata makochi.

"Mdogo wangu," alisema wimbo ulipoisha, "hebu tucheze kidogo. Simu yangu hii ina wimbo huohuo. Tuichomeke kwenye amplifaya yako, spika ni zilezile, sauti tuzilinganishe. Wewe tukufunge macho, wifi abadilishe. Utuambie ipi ni ipi."

Kioo cha simu kilikuwa kimepasuka pande zote. Wenzake wakacheka. Masikio akacheka kuliko wote, akajifunga tai yake machoni.

Wifi, mke wa Masikio, akageuza swichi ya amplifaya.

"Hiyo ndiyo mashine! Hamsikii pumzi ya mwimbaji?"

Ilikuwa simu. Wifi akashtuka, lakini dada akaweka kidole mdomoni kumnyamazisha. Wifi akageuza tena.

"Aa, hii simu. Kama anaimbia ndani ya ndoo."

Ilikuwa mashine. Wenzake wakaanza kubana vicheko. Waliendelea hivyo, mara akapatia, mara akakosa, kama mtu anayebahatisha, mpaka akapaza sauti: "Hapo! Usiguse hapo! Hiyo ndiyo niliyoitolea pesa yangu!"

"Fungua macho," dada alisema.

Akavua tai, akaona swichi imeelekea kwenye simu. Sebule nzima ikaangua kicheko. Dada peke yake hakucheka.

"Kwa masikio hayo ndiyo ulimhukumu mama?" Akawageukia wageni. "Sauti ya mama yetu yote aliitupa jalalani. Eti inamuumiza masikio. Hatuna nyingine."

Kicheko kikakatika. Mwenzake mmoja akaanza kutafuta viatu vyake. Dada akachomoa simu akatoka kwa raha.

Kazini wakaanza kumwita Ndoo. Haukupita muda akatokea saluni, akasimama mlangoni katikati ya wanawake waliokaa foleni.

"Dada, naomba unisamehe."

Vidole vya dada havikusimama. "Kaseti ziko wapi?"

"Si unajua ziko wapi."

"Basi na msamaha uko hukohuko. Kautafute."

Masikio akatazama nywele zilizotapakaa sakafuni, kisha akaondoka.

"Nani yule, jamani?" mteja aliuliza. "Mbona anatia huruma?"

"Wewe anakutia huruma kwa kuwa si wako," dada alisema. "Inamisha kichwa, nimalizie huku nyuma."