Malori ya Marehemu

Fundi wa meno ya bandia alifungua friza, akasogeza trei ya barafu na mfuko wa njegere, akaliweka lori jekundu katikati. Gundi ya zamani ikipigwa na baridi hukakamaa, na lori la plastiki lililolala humo mpaka asubuhi huachia viungo vyake kwa kubinywa tu. Mke wake alipokuja kuchukua barafu alilisukuma lori pembeni kwa kiwiko, akachukua alichotaka, akafunga mlango. Alikwishazoea.

Lori lilikuwa la marehemu mume wake wa kwanza. Enzi za uhai wake marehemu alikuwa karani wa mizani ya barabarani. Kutwa alipima malori ya kweli, na siku za mapumziko alijifungia chumbani na visanduku vya vipande vya plastiki, akiunganisha malori madogo ya aina zilezile alizozipima. Mikono yake haikujaliwa kazi hiyo. Alikuwa na papara, gundi aliipaka kama siagi, na brashi yake ya rangi ilinyonyoka manyoya yakagandia humohumo. Aliacha kabati zima la malori yenye vichwa vilivyoinama upande, magurudumu yasiyozunguka na vioo vilivyoingia ukungu wa gundi. Moja lilikuwa limebandikwa namba zake juu chini.

Fundi, ambaye riziki yake ni kulinganisha jino na jino, aliyaona siku aliyohamia na yakamsumbua kama kipande cha nyama kilichokwama gegoni.

"Nitakutengenezea," alimwambia mke wake.

"Tengeneza ukipenda," mke akasema, pini zikiwa mdomoni. Alikuwa mshonaji wa mapazia.

Marehemu mwenyewe bado alikuja kila Jumapili, vyombo vya chakula cha mchana vikishaoshwa. Alipiga hodi, alifuta viatu, akaketi kwenye kochi upande wa dirishani. Hakuwa na makuu. Alimjulia fundi hali, aliuliza kama kazi zipo, kisha akamgeukia mke na kuanza hadithi zake za mizani. Kuna dereva aliyeacha tairi moja nje ya sahani ya mizani na kuapa kwamba lori lake limezaliwa hivyo. Kuna mwingine aliyemshusha utingo wake asipimwe naye, kwa sababu alikuwa ametoka kula. Mke alicheka mpaka akajifuta machozi kwa pindo la pazia la mteja.

Kwa fundi hakucheka hivyo. Si kwamba fundi hakujaribu. Alimsimulia habari ya mzee mmoja aliyepiga chafya, meno yake ya juu yakaruka na kutua kwenye supu ya mkwewe. Kazini kwao hadithi hiyo iliwavunja watu mbavu. Mke alisema, "Masikini," akaendelea kushona.

Alichokitaka fundi hakikuwa kikubwa. Alitaka mke wake acheke vile kwa ajili yake, japo mara moja, na yule mtu awepo aone. Mwanamke akiletewa mwenzake ana neno la kumwita, ni mke mwenza, na anaweza kwenda kwa shoga yake akalia akabembelezwa. Fundi hakuwa na neno wala pa kwenda. Jirani wa chini, wakikutana ngazini, alimtania tu.

"Mwenzako kaja? Nimesikia hodi."

"Kaja."

"Msalimie."

Lori jekundu lilipoachia, fundi alililoweka kwenye mafuta ya breki mpaka rangi ikavimba na kubanduka, akalisugua kwa mswaki mkuukuu. Chini ya rangi, juu ya paa la kichwa, alikuta alama ya kidole gumba. Gundi ile huyeyusha plastiki yenyewe. Kidole kikiigusa kabla haijakauka, alama hubaki humo, na haitoki kwa maji wala kwa dawa, ni kwa kusugua tu. Fundi aliisugua kwa msasa mkali, kisha kwa msasa laini, kisha kwa ule wa kung'arishia meno, mpaka paa likawa safi. Alijisikia vizuri. Alipiga hata mluzi.

Jumapili iliyofuata marehemu alikuja hana kidole gumba cha mkono wa kulia. Hapakuwa na jeraha wala kovu. Ngozi ilipita tu pale kidole kilipokuwa, imetulia. Alipopokea chai kikombe kilitaka kumponyoka, akakiwahi kwa mkono wa pili, akaomba radhi.

"Naona umefika kwenye lile jekundu," alimwambia fundi.

"Nimelimaliza."

"Paa lile lilinishinda. Mikono yangu mizito. Hongera, ndugu yangu."

Aliisema kwa moyo mweupe, na fundi akaumia kuliko kama angetukanwa.

Tangu siku hiyo hakuchagua tena lori kwa ubovu wake. Aliyainua moja moja kwenye mwanga wa dirisha, akiyageuzageuza, akitafuta vidole. Cha shahada kilikuwa kwenye madigadi ya lori la njano. Cha kati kilikuwa chini ya tangi la mafuta la lori jingine, mahali ambapo hakuna mtu angeangalia, naye alikifuata huko huko. Haki ya kazi hakuidhulumu: kila lori alilinyoosha ekseli, akaliwekea vioo vipya, akalipulizia rangi tabaka jembamba juu ya jembamba. Yalirudi kabatini yanang'aa kama yametoka kiwandani. Jirani wa chini alipanda kuyatazama, akasema mtu mwenye mikono kama hii hawezi kukosa mke wa kujivunia. Mke alikuwa chumba cha pili akipima kitambaa, hakusikia.

Marehemu alizidi kupungua. Hakulalamika, na hakuna aliyemuuliza. Kikombe alikishika kwa viganja viwili, baadaye akakibana kwa vifundo vya mikono, na ikafika Jumapili akashindwa kabisa. Mke aliweka pazia chini. Alitoka kwenye kiti chake cha cherehani, akaenda kuketi kochini, bega kwa bega na marehemu. Akaipuliza chai, akaionja kwa ncha ya ulimi, akamnywesha.

Fundi aliwatazama. Alikuwa ametokwa jasho kwa msasa miezi yote ile, na kumbe alichokuwa akifanya ni kumsogeza mke wake karibu na yule mtu. Aliangalia kikombe chake mwenyewe. Kilikuwa kimejaa, na alikuwa amejimiminia.

Mgeni alipoondoka fundi alishindwa kujizuia.

"Unajua ninachofanya na yale malori."

"Najua. Nina macho."

"Na hujaniambia niache."

Mke alikata uzi kwa meno. "Uache ili iweje? Nimekaa na yule bwana ndani ya nyumba hii hajaniomba hata kumfunga kifungo. Hizo hadithi za mizani ndiyo kwanza nazisikia. Alikuwa akirudi anafunga mlango, yeye na malori yake. Sasa ananihitaji. Umenisaidia sana."

"Na mimi je?"

"Wewe una mikono yako," mke akasema.

Hakusema kwa ubaya. Alisema kama anavyomwambia mteja kwamba kitambaa kimepungua, akawasha cherehani.

Marehemu alibakiwa na kidole kimoja, cha mwisho cha mkono wa kushoto, na lori lililobaki bovu lilikuwa la kijani. Fundi alilitoa kwenye friza akiwa na hakika nalo. Aling'oa bampa ya mbele, akaichubua rangi, akaipeleka dirishani. Alama ilikuwepo. Ila zilikuwa mbili. Ile kubwa ilikuwa chini, na juu yake, imeikanyaga, ilikuwa alama ndogo ya kidole chembamba chenye mstari uliokatiza katikati. Mstari huo fundi aliujua. Mke wake alichomwa na sindano ya cherehani alipokuwa akijifunza kazi, ikaingia na kutokea upande wa pili, na fundi alikwishalibusu kovu hilo mara nyingi, akidhani ni lake peke yake.

Basi kumbe siku moja, enzi za uhai wake, marehemu alimwita mke. Alifungua mlango, akamwita amshikie bampa gundi ishike, na wakaketi wamebana vidole pamoja wakisubiri. Mke alikuwa amesahau, au hakutaka kusema. Fundi hakujua lipi kati ya hayo mawili lilimwuma zaidi.

Alikuwa na msasa mkononi. Plastiki ilikuwa imeyeyuka na kushika vidole vyote viwili pamoja, na kuondoa kimoja ni kuondoa vyote, na kidole kile chembamba ndicho mke alichosukumia kitambaa chini ya sindano, ndicho kilichowalisha miezi ambayo watu hawakuvunja meno. Fundi alikaa na msasa mpaka mwanga wa dirisha ukaisha. Kisha akairudisha bampa mahali pake kama ilivyokuwa, imepinda, na akalipanga lori pamoja na yale mazuri.

Jumapili marehemu alibisha mlango kwa ncha ya kiatu. Fundi akamfungulia, wakasalimiana. Mke alikuwa kochini tayari, kikombe kikifuka. Alipomsogezea mdomoni, marehemu aliinua mkono na kukilaza kile kidole chake kimoja juu ya mkono wa mke, wakakaa hivyo kama jambo la kawaida. Alianza hadithi ya dereva aliyepimisha lori tupu na bado likazidi uzito. Ilipofika mwisho mke aliangua kicheko, kikombe kikayumba, chai ikamwagikia shati la mgeni.

"Tuletee kitambaa," mke akasema bila kugeuka.

Fundi alikwenda jikoni. Aliwasikia wakicheka. Alichagua kitambaa safi, akakilowesha kwa maji ya vuguvugu, akakikamua vizuri, akakileta.

"Asante, fundi," marehemu akasema.

Mke alikipokea, akamfuta marehemu kidevu, akamfuta shingo, akahamia kwenye vifungo vya shati. Fundi alibaki amesimama na mikono yake mizima, akingoja kurudishiwa kitambaa.