Jiwe Lilipoinuliwa

Jiwe lilimwangukia kaka yangu Wangwe asubuhi, huko chini kwenye shimo la dhahabu, Macalder, likamlalia miguu yote miwili. Mpaka jua lilipoanza kuinama alikuwa bado anaongea. Nilimsikia kutoka juu akiwatania wenzake waliokuwa wakilichimbua jiwe kwamba leo yeye ndiye bosi, wao wanatoka jasho na yeye amelala.

Daktari Dolphine wa zahanati alinipigia simu akiwa njiani na boda. Akasema jiwe lisiguswe kabla hajamwekea maji ya mshipa. Nikamwambia Sammy, msimamizi wa shimo. Lakini kwa wachimbaji wetu, mtu aliyefukiwa akiitika hangojewi. Atatolewa, hata kama ni kwa kucha. Sammy hata hakunitazama.

"Bhoke, wewe umeona wapi mtu anaachwa chini ya jiwe ati maji inakuja?"

Nikasogea kando. Wakaliinua.

Wangwe alitolewa akicheka. Miguu ilikuwa baridi, ya kijivu, kisha ikaanza kupata rangi. Watu wakapiga makofi, akaletewa soda. Mimi niliendelea kuitazama ile miguu. Ilipata joto, halafu ikavimba, ngozi ikavutika mpaka ikang'aa. Soda akaonja tu, akairudisha.

Dolphine alipofika aliuliza jiwe limetoka lini, kisha akaanza kutafuta mshipa. Alinieleza tukiwa kwenye gari la kwenda Homa Bay, ambako tuliambiwa kuna mashine ya figo. Nyama iliyokosa damu kwa muda mrefu, alisema, huanza kufa na kujaa sumu. Damu ikirudi ghafla inaizoa ile sumu na kuipeleka kwenye moyo na figo. Tena mwili unashtuka, unapiga mbiu kila mahali kwamba kuna adui, na askari wake wakija hawachagui. Wanachoma hata nyumba ambayo haikuwa na shida.

"Kwa hivyo ni mwili wake mwenyewe unaomchoma?"

"Ni wake."

Hospitalini, mkojo wa kwanza ulikuwa mweusi kama chai ya rangi. Baada ya huo hakukuwa na mwingine, akafungwa kwenye mashine ya figo.

Kesho yake uso ulikuwa umevimba, na pumzi yake ilikuwa na sauti ya maji. Sammy na wachimbaji walisimama mlangoni pa wodi, kofia mkononi. Wangwe akawaambia miguu imerudi, guseni muone ina joto. Hakuna aliyegusa.

Kisha akaniomba nimfungulie dirisha apate hewa. Lilikuwa wazi.