Mkono wa Tajiri Kwenye Hariri

Jumamosi ya sherehe ya wachimba makaa, Hesper Raine alikuwa jikoni anapiga pasi kitambaa cheusi, chai yake imepoa zamani. Desturi ya Durham, mji wa Uingereza ambako matawi yote huandamana na bendera zao siku hiyo, haina mjadala: tawi la chama cha wafanyakazi lililofiwa na mtu mgodini mwaka ule hufunga kitambaa cheusi juu ya bendera yake, mji mzima uone. Mumewe, Wilf, aliangukiwa na paa la mgodi, akafia kitandani baadaye. Meneja akasema ni kifua kilichomuua. Jiwe, masikini, halikuwa na kosa.

Hesper alitaka jambo moja tu: Wilf aombolezwe hadharani.

Septimus, katibu wa tawi, alisimama mlangoni akiifinyangafinyanga kofia yake. "Shemeji, usinielewe vibaya. Tukikifunga, tunamwita meneja mwongo. Na nyumba hii ni ya nani?"

"Ya meneja. Na maiti ilikuwa ya nani?"



Nje wanaume waliikunjua bendera ya hariri. Babu yake Septimus ndiye aliyeagiza mchoro wake, enzi hizo akiamini tajiri akipewa mkono atakuwa mtu: mchimba makaa na mwenye mgodi wanapeana mikono, jua linachomoza nyuma yao. Asubuhi hiyo yule mchimba makaa wa mchoroni alikuwa ameuachia mkono ule. Amevua kofia, ameiweka kifuani, anautazama mlango wa Hesper. Tajiri kabaki na mkono hewani, kama mtu anayepima mvua.

Mpiga ngoma aligusa rangi kwa kidole. "Imekauka," akasema. "Haitachafua nguo."

"Huyu kishatutangulia kuvua kofia," Septimus akasema. "Sisi tunangoja nini? Lete kitambaa, shemeji."

"Na meneja?"

"Meneja ana mdomo, atasema."

Wakakifunga. Bendi ilipiga maombolezo mpaka mwisho wa mtaa, kisha ikageukia nyimbo za kucheza, maana Wilf alikuwa hapendi watu wanune. Huko Durham watu walivua kofia bendera ilipopita, halafu wakacheza. Hesper alicheza mpaka kisigino cha kiatu kikang'oka, akakaa majanini pekupeku akila mkate na nyama. Furaha ilimjaa hadi akalia, na akaendelea kula.

Jumatatu meneja alirudia kwamba ni kifua. Mwezi uliofuata Hesper alitolewa katika nyumba ile, akahamia kwa Septimus na mkewe, pasi yake mkononi. Meneja hajabadili neno.

Bendera nayo haijarudia mchoro wake wa zamani. Kila Julai ikikunjuliwa, mchimba makaa keshavaa kofia yake, mikono i mfukoni, na Hesper husogea karibu na yule tajiri, mkono wake bado uko hewani.

"Shusha mkono, mzee," humwambia. "Hupewi."