Moto Juu, Moto Chini

Kwenye fomu ya kuomba kazi, penye swali la bake, Biubwa aliandika "hapana". Hakuona aibu. Bake ni kazi ya oveni, na yeye tangu azaliwe pale Dunda hajawahi kupikia oveni. Hoteli ya ufukweni ilitaka mpishi mmoja wa asubuhi, na alijua hapana ile ingeweza kumkosesha kazi. Lakini uongo wa jikoni haudumu, chakula huusema.

Aliporudi nyumbani akafungua kamusi yake kuukuu, ile aliyojifunzia Kiingereza peke yake, ukurasa kwa ukurasa. Bake: kupika kwa joto kavu linalokizunguka chakula, bila maji wala mwali kukigusa. Mifano ikafuata. Mkate, samaki, viazi. Hata matofali, hata ardhi iliyokaushwa na jua. Akaisoma mara mbili, kidole kikifuata mstari. Oveni ilitajwa, ila kwa neno "mara nyingi".

Akatazama uani. Mkate wake wa kumimina ulikuwa juu ya jiko, makaa chini ya sufuria, makaa mengine juu ya kifuniko. Mwaka wa ishirini na mbili huu anapalia hivyo.

"Kumbe nimejikana mwenyewe," alisema taratibu.

Kesho yake akarudi hotelini na ndoo ya mchele uliosagwa kwa tui, umeshaumuka. Mpishi mkuu, Masoud, kijana wa Msata, alimwamkia shikamoo, kisha akacheka alipoambiwa kuwa fomu inataka kusahihishwa. Wengi, alisema, huandika wanaweza kila kitu, halafu hoteli nzima inanuka moshi. Aliyeanza na hapana hajapata kumwona. Basi oveni ile pale.

Akaiwasha. Taa nyekundu ilipozimika, akamwashiria aanze. Biubwa akafungua mlango, akaingiza kiganja, akaanza kuvuta salawati kimyakimya kupimia moto, kama afanyavyo juu ya makaa. Nyumbani mkono hustahimili salawati tatu. Hapa alifika ya sita na mkono umetulia.

"Bado, mwanangu."

"Shangazi, mashine imeshasema tayari."

"Imesema yake. Mkate huu ukiingia sasa utalala."

Masoud akatazama ile taa, akamtazama mama yule, akaongeza moto. Wakangoja. Safari hii salawati ya tatu haikwisha, mkono ukatoka. Biubwa akapasha sufuria na mafuta, akamimina, na matundu yalipoanza kutoboka akaiingiza.

Mkate ulitoka umepanda, mgongo mwekundu. Masoud akaukata, akachungulia matundu yake ndani, akala kipande kizima. Kisha akaleta fomu na kalamu.

Biubwa akakata hapana kwa mstari mmoja ulionyooka. Akaandika ndiyo, na kwa kuwa nafasi ilikuwepo, akaongeza: kwa oveni au kwa makaa.

"Kesho saa kumi na moja alfajiri, shangazi," Masoud alisema. "Na jiko lako uje nalo. Umeme wa huku unaujua."