Pacha Wangu na Zamu ya Tatu

Nilizaa pacha hapa San Pedro, ambako mtoto hushika gongo la besiboli kabla hajashika kijiko, nao wakanifanyia kejeli: Eudys akawa mrushaji wa mpira, Wilkin akawa mpigaji anayeungoja na gongo. Mmoja akifurahi, mwenzake lazima anune. Basi nikawa hakimu tangu wangali wadogo. Kila kitu kilikuwa nusu kwa nusu, isipokuwa ukoko wa wali, ambao waliugombania hadi sufuria ikapinda.

Walipokuwa vijana, akaja Mmarekani anayetafuta vijana wa kwenda kuchezea timu za kwao. Alikuwa na haraka, na jua lilikuwa limemchoma shingo.

"Huyu amrushie huyu," akasema. "Nitawaona wote kwa mpigo."

Eudys akishinda, Wilkin atabaki hapa kukata miwa. Wilkin akishinda, atabaki Eudys. Nikawavuta pembeni.

"Nisikilizeni. Eudys, zamu ya kwanza mnyime kabisa, asiuguse mpira. Wilkin, zamu ya pili upige mpira utoke nje ya ua wa uwanja. Kila mtu apate lake."

"Na ya tatu, Mama?"

"Ya tatu mshindane kweli. Mimi nimechoka na nyinyi."

Zamu ya kwanza Wilkin alipiga hewa tupu, mpaka jirani yetu Doña Mireya akapaza sauti, "We Wilkin, unafukuza nzi?" Zamu ya pili mpira uliruka ua ukapotelea shambani, na Doña Mireya akageuka na upepo: "Eudys, mwanangu, chukua panga ukakate miwa tu!" Mmarekani akasimama kutazama vizuri. Nikajiona nina akili kuliko serikali.

Zamu ya tatu, Eudys alimtazama ndugu yake, kisha akarusha mpira laini ambao hata mimi ningeupiga kwa mwiko. Wilkin akapunga gongo mapema, mpira ukiwa bado njiani. Eudys akarusha mwingine, laini zaidi. Wilkin akaukosa vibaya zaidi. Na wa tatu vivyo hivyo, zamu ikaisha.

Mmarekani akafunga begi lake. "Mrushaji hana nguvu, mpigaji hana macho," akasema, akaomba maji ya kunywa, akaenda zake.

Njiani nusura wapigane.

"Nani alikwambia unionee huruma?" Wilkin akafoka.

"Nimekuletea mpira mkononi, bwege wewe, unaukosa!"

"Nimeukosa makusudi ili uende wewe!"

Nililia kwa hasira. Na moyoni, Mungu anisamehe, nilifurahi kwamba vitanda vyote viwili bado vina mtu.

Nyumbani nikapakua wali na maharage, nikakwangua ukoko, nikauweka katikati ya meza. Eudys akausukuma kwa ndugu yake.

"Kula wewe."

"Sitaki. Kula wewe."

Sahani ikaenda, ikarudi, ikaenda tena. Ukoko ukapoa bila kuonjwa. Nikapiga meza kwa mwiko.

"Gombaneni!" nikawapigia kelele. "Wapumbavu nyie, gombaneni!"