Mabuu kutoka Boma la Nanyokie

Tap. Kimya. Tap.

Jogoo alikuwa hajawika. Nilidhani bati linavuja, ila ule ulikuwa mwezi wa Agosti mwaka 2005, na huku Mbulumbulu hatukuwa tumeona mvua tangu Mei. Nikawasha kibatari, nikaingia jikoni. Juu ya sinia mabuu meupe, manene kama kidole gumba, yalikuwa yakijikunja. Moja likaanguka mbele ya macho yangu: tap. Yalitoka kwenye mfuko niliouning'iniza ukutani juzi jioni.

Mabuu hayo ni watoto wa mbawakavu, hukaa kwenye samadi yenye unyevu. Niliyachimbua niwape kuku, na kwa kuwa sikuona kopo karibu, nikayatia pamoja na samadi yake kwenye mfuko wa kijani alioniletea mjukuu wangu Angel kutoka kazini. Kisha nikayasahau. Sasa mfuko ulikuwa matundu matupu, kama wavu.

"Angel! Amka uone."

Alitoka amejifunga kitenge, macho yamefumba nusu. "Bibi, umeyamwaga?"

"Yamejimwaga yenyewe. Yamekula nyumba yao."

Akaushika ule mfuko, akauinua kwenye mwanga, akakaa chini palepale sakafuni.

Angel alifanya kazi jikoni katika hoteli ndogo ya watalii karibu na msitu. Yeye ndiye aliyemshawishi meneja, Nehemia, aache kutupa maganda na makombo kwenye mifuko ya rambo, ile ya plastiki, na kuichoma moto, anunue hii ya wanga wa mahindi, maana ilisemwa kwamba inaoza. Miezi minne ikapita, na kwenye shimo la taka la hoteli haukuoza hata mmoja. Upepo ukaipeleka kwenye njia ya ng'ombe wa jirani yetu Nanyokie. Mwaka uliotangulia mtamba wake alikufa, na walipompasua tumbo walikuta donge la rambo kubwa kama kichwa cha mtu. Kwa hiyo Nanyokie alipoiona hii ya kijani alikwenda moja kwa moja ofisi ya kijiji. Nehemia naye akamwambia Angel: mwisho wa mwezi ukifika mifuko ile ingalipo, tutarudi kuchoma taka, na wewe utafute kazi kwingine.

Yalikuwa yamebaki majuma matatu.

"Shimo lenu ni kavu," nilimwambia. "Hamna anayeishi mle. Mmepika chakula mkasahau kuita wageni."

"Nimwambie meneja nimeleta wadudu? Atanicheka mpaka Krismasi."

"Acheke. Akimaliza mwonyeshe mfuko."

Hata hivyo sikutaka kusema jambo nisilolijua. Nikachukua makopo mawili, nikatia samadi yenye unyevu na mabuu sawasawa. Kopo moja nikaweka kipande cha mfuko wa kijani, la pili kipande cha rambo. Siku ya tatu nikamwaga. Wa kijani ulibaki vipande kama kucha. Rambo lilikuwa zima, linang'aa.

Tatizo lilikuwa moja. Lundo langu la samadi ni dogo, na shimo la hoteli ni kubwa. Samadi ya kutosha ilikuwa mahali pamoja tu: kwenye boma la Nanyokie, ambako ng'ombe wamelala miaka na miaka na hakuna aliyewahi kuipeleka shambani.

"Tumwombe yeye?" Angel akashangaa. "Si ndiye aliyetushtaki!"

"Tangu atushtaki, umekunywa chai kavu siku ngapi?"

Kila asubuhi kibuyu cha maziwa kutoka kwa Nanyokie kilikuwa mlangoni kama kawaida. Nanyokie alikuwa na hasira na mifuko, siyo na sisi.

Nikaenda na makopo yangu. Alichungulia ndani, akacheka.

"Mama Esta, umeniletea mabuu? Kwani yangu hayatoshi?"

"Nimeyaleta yawasalimie ndugu zao. Nataka kuazima ukoo mzima."

Nikamweleza. Akalivuta lile rambo kwa vidole viwili, akalitazama kwa muda.

"Hili ndilo lililoniulia mtamba."

"Ndiyo. Hilo hawaligusi. Hii ya kijani ndiyo wanayoila."

"Na ng'ombe akiimeza hiyo ya kijani?"

"Sijui. Ndiyo maana nataka iliwe shimoni kabla upepo haujaichukua."

Nadhani lile "sijui" ndilo lililomgeuza. Akasema atatoa samadi, ila rambo lisiingie shimoni hata moja, na shimo lizungushiwe miiba. Kesho yake yeye na mkazamwana wake, Nashipai, walifika na punda wanne wenye magunia. Hakuna aliyewaomba kubeba. Tukatandaza tabaka la samadi, tabaka la mifuko iliyookotwa njiani, tabaka la samadi tena, na kila jioni Angel alimwagia maji yaliyooshewa vyombo.

Mwisho wa mwezi Nehemia akaja na jembe lake mwenyewe. Akachimba pembeni, akachimba katikati. Udongo mweusi. Mabuu yamenona. Vipande vichache vya kijani, laini kama ganda la kitunguu.

"Iko wapi mifuko?"

"Imeliwa, meneja," Angel akasema.

Akachimba tena, akainua rambo moja, zima kabisa. "Na hii je?"

Nashipai alikuwa amesimama kando ya miiba tuliyolizungushia shimo. "Hiyo ni ya karanga zako, baba. Nilikuona ukiitupa juzi."

Nehemia akaifuta udongo, akaikunja, akaitia mfukoni mwa suruali. Mtu anayekubali kosa mbele ya watu hivyo nampa heshima yake. Kisha akamwambia Angel, "Kesho uje mapema. Uwafundishe wenzako kuchambua taka."

Angel aliitikia tu, lakini aliushika mkono wangu na kuuminya.

Nanyokie alinisindikiza mpaka njia panda, punda wake wakitangulia.

"Mama Esta, miaka yote hii umefika bomani kwangu mara ngapi?"

Nikaona aibu. "Mara moja. Tena kuomba mavi ya ng'ombe."

Alicheka mpaka shanga zake zikalia. "Basi njoo tena. Safari hii usije na makopo. Njoo tu, nikuchemshie maziwa."